Kumtendea Mema Anayekutendea Mabaya
Somo kwa wakatekumeni

Kati ya mafundisho yote ambayo mkatekumeni hupewa kabla ya kubatizwa, liko moja ambalo wengi huliona zito kuliko kufunga na kuliko kuacha desturi mbaya. Bwana Yesu aliwaamuru wanafunzi wake wawapende adui zao, wawatendee mema wale wanaowachukia, na wawaombee wale wanaowatesa. Amri hiyo imeandikwa katika Injili ya Matayo, sura ya 5, na katika Injili ya Luka, sura ya 6.

Siku ya mafundisho watu huikubali kwa kinywa, na hata huweza kuikariri bila kosa. Lakini siku mtu anapoibiwa, anapopigwa, au anapotukanwa mbele ya watoto wake, moyo hukataa. Husema: "Amri hii ni ya malaika, mtu wa nyama na damu hawezi kuishika." Kwa hiyo yafaa kuitazama amri hiyo vizuri, kujua inaagiza nini na haiagizi nini, na kuona jinsi Mkristu wa nchi hii ya Kongo alivyoishika mpaka kufa.

Jambo hili si dogo. Katika sala ya Baba Yetu, ombi la tano, Mkristu humwomba Mungu amsamehe makosa yake kama yeye mwenyewe anavyowasamehe waliomkosea. Basi mtu asiyetaka kusamehe, kila asubuhi na kila jioni anamwomba Mungu kwa kinywa chake mwenyewe asimsamehe. Afadhali ayapime maneno hayo kabla ya kuyasema.

1. KISASI NA SHERIA YA MUNGU

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, kinasimulia habari za Lameki, mtu wa uzao wa Kaini. Lameki alijisifu mbele ya wake zake kwamba amemwua mtu kwa ajili ya jeraha tu, na kwamba kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba. Hiyo ndiyo desturi ya moyo wa mwanadamu asiyemjua Mungu: aliyevunjiwa chungu kimoja hutaka kuvunja nyumba nzima.

Baadaye Mungu aliwapa Waisraeli sheria kwa mkono wa Musa: jicho kwa jicho, jino kwa jino. Watu wengi hudhani sheria hiyo iliwekwa ili kuwachochea watu walipize kisasi. Sivyo. Iliwekwa kuwa mpaka. Aliyepoteza jino moja asidai meno kumi. Aliyeuawa mbuzi wake asimwue mtu. Musa aliufunga mkono wa Lameki usizidi.

Mwishowe akaja Bwana Yesu. Petro alipomwuliza kama inatosha kumsamehe ndugu mara saba, alimjibu kwamba yampasa kusamehe mara sabini mara saba, maana yake pasipo kuhesabu. Basi hesabu ile ambayo Lameki aliitumia kwa kisasi, Bwana Yesu aliigeuza kuwa hesabu ya msamaha. Musa aliweka mpaka wa kisasi. Kristu alikiondoa kisasi chenyewe.

Kwa nini akakiondoa? Kwa sababu kisasi hakiishi chenyewe. Kila anayelipiza husema: "Sasa tumelingana." Lakini mwenziwe hasemi hivyo. Yeye huanza kuhesabu upya, tangu siku aliyopigwa yeye.

Jambo hili limeonekana katika Jimbo la Tanganyika. Tangu mwaka 2013 Watwa na Waluba walishambuliana, na mwaka 2016 na 2017 ugomvi huo ulizidi sana. Vijiji vilichomwa, mashamba yaliachwa kwa nyasi, na maelfu mengi ya watu walikimbilia makambi kando ya mji wa Kalemie. Aliyeuliza upande mmoja, alitajiwa ubaya uliotendwa na upande wa pili; aliyeuliza upande wa pili, alitajiwa ubaya wa upande wa kwanza. Na mara nyingi wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo akili ya mwanadamu inapokwama. Ubaya kama huo haukomi mpaka apatikane mtu aliyedhulumiwa kweli, mwenye haki ya kudai, ambaye atasema: "Kwangu mimi utakoma hapa." Mkatekumeni anaitwa kuwa mtu huyo.

2. MFANO WA MWENYE HERI ISIDORI BAKANJA

Mbali na ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini-magharibi wa nchi hii hii ya Kongo, katika mkoa wa Equateur, alizaliwa kijana aitwaye Isidori Bakanja. Alitoka kijijini kwao akaenda kufanya kazi ya kuwasaidia waashi huko Coquilhatville, mji uitwao leo Mbandaka. Huko alipata mafundisho ya dini kwa mapadri Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alipewa rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi, vivaliwavyo shingoni. Isidori aliivaa siku zote kama alama ya kwamba yeye ni Mkristu.

Baadaye alipata kazi ya mtumishi wa nyumbani katika kampuni moja ya Wabelgiji, akapelekwa mahali paitwapo Ikili. Bwana mkubwa wa pale, jina lake Van Cauter, aliwachukia mapadri na mambo yote ya dini. Isidori alikuwa akisali, naye aliwafundisha wenzake kusali baada ya kazi. Bwana yule alimkataza, tena alimwamuru aivue skapulari. Isidori hakuivua.

Mwaka 1909, Van Cauter aliing'oa skapulari ile shingoni mwake, akaamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliokuwa na misumari. Alipigwa viboko zaidi ya mia moja. Mgongo wake ukawa kidonda kimoja, kisha akafungwa minyororo.

Baada ya siku kadhaa ikajulikana kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja. Bwana yule aliogopa ubaya wake usionekane, akamwondosha Isidori. Lakini Isidori alijificha mwituni, kisha akajikokota mpaka kwa mkaguzi, jina lake Dörpinghaus. Huyo alipouona mgongo ule alishtuka, akamkinga na bwana wake, akamchukua ili atunzwe. Lakini vidonda vilikuwa vimeoza; havikupona.

Hapa mkatekumeni asikilize kwa makini mambo mawili.

Jambo la kwanza: Isidori hakuuficha ukweli. Alipoulizwa, alisema wazi ni nani aliyempiga na kwa sababu gani. Aliwaagiza watu kwamba wakimwona mama yake, au wakifika kwa hakimu, au wakikutana na padri, wawaambie kwamba anakufa kwa sababu yeye ni Mkristu. Angalia: hakumsahau hata hakimu. Hakudanganya, wala hakusema kwamba ameanguka mwenyewe.

Jambo la pili: Isidori hakumchukia aliyempiga. Mwezi wa Julai 1909 mapadri wawili walifika, wakamwungamisha, wakampa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo takatifu. Walimhimiza amsamehe yule bwana. Yeye alijibu kwamba hana hasira naye, kwamba atamwombea, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana.

Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, rozari mkononi na skapulari shingoni. Alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye heri.

Wala hakuwa peke yake. Huko Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, Sista Maria Klementina Anuarite Nengapeta aliuawa na mkuu wa askari waasi kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi. Naye alimsamehe aliyemwua wakati uleule wa kupigwa. Alitangazwa kuwa Mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Wote wawili walizaliwa katika nchi hii, na walifundishwa amri ileile inayofundishwa katika kila kijiji chenye katekista.

3. MAMBO AMBAYO AMRI HII HAIAGIZI

Wako watu wanaoikataa amri ya Bwana kwa sababu hawakuifahamu. Yafaa kuondoa makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kusamehe ni kusema ubaya si ubaya. Isidori hakusema hivyo. Bwana Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani mkuu, alimwuliza kwa upole: kama amesema vibaya, aonyeshe ubaya huo, kama amesema vema, ampigia nini? Habari hii imo katika Injili ya Yohane, sura ya 18. Hakurudisha kofi, lakini pia hakuliita kofi jambo jema.

Kosa la pili ni kudhani kwamba Mkristu amekatazwa kwenda kwa mkubwa wa kijiji au kwa hakimu. Hakukatazwa. Aliyeibiwa aweza kudai mali yake. Mama ambaye mtoto wake ameumizwa aweza kushtaki, na mara nyingine yampasa kushtaki ili watoto wengine wasiumizwe. Mwenye kupigwa kila siku nyumbani aweza kukimbia na kuomba msaada, wala hatendi dhambi. Linalokatazwa ni kutaka mwenzio aangamie. Anayetaka haki hufurahi mkosaji akigeuka. Anayetaka kisasi huchukia kuona mkosaji amegeuka. Kwa alama hiyo kila mtu ataupima moyo wake.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kusamehe ni woga. Mwoga hunyamaza mchana na kulipiza usiku. Huyo ndiye anayemwendea mganga kwa siri ili adui yake apatwe na radi au ugonjwa. Huyo ndiye anayemsengenya jirani kisimani, na akipatwa na msiba hucheka moyoni. Mkono wake haukupiga, lakini moyo wake ulipiga. Mkatekumeni anayemwendea mganga ili kumrudishia adui ubaya, hata kama hakuonekana na mtu, ameziacha ahadi anazojiandaa kuziweka siku ya Ubatizo.

4. NAMNA YA KUTENDA

Hakuna mtu anayeamka siku moja akiwa na moyo wa Isidori Bakanja. Moyo huo hujengwa kwa mambo madogo, kama ukuta unavyojengwa kwa tofali moja moja. Ziko hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kujizuia. Wahenga walisema: hasira hasara. Mtu akitukanwa asijibu saa ile ile. Aondoke, afanye ishara ya msalaba, ashike kazi nyingine. Neno lililotoka kinywani halirudi.

Hatua ya pili ni kumwombea aliyekosa, na kumtaja kwa jina lake. Sala hii ni ngumu siku ya kwanza, mdomo hukauka. Siku ya pili hupungua ugumu. Mtu hawezi kumwombea mwenziwe kila siku kwa kweli na kuendelea kumtakia kifo. Ama ataiacha sala, ama ataiacha chuki.

Hatua ya tatu ni kusema ukweli kwa upole. Bwana Yesu, katika Injili ya Matayo, sura ya 18, alifundisha kwamba aliyekosewa amwendee ndugu yake kwanza wakiwa wawili tu. Asiposikia, achukue mashahidi. Asiposikia tena, ndipo ajulishe Kanisa. Watu wengi huanza mwisho: kijiji kizima hupata habari kabla ya mkosaji mwenyewe.

Hatua ya nne ni kumtendea jambo jema, jambo linaloonekana. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akimkuta ng'ombe au punda wa adui yake amepotea, amrudishie. Na akimwona punda wa adui ameanguka chini ya mzigo, asaidie kumwinua. Mungu hakuagiza kwanza wapendane kwa maneno matamu. Aliwaagiza wainue mzigo pamoja. Watu wawili wakiinua mzigo mmoja, hawawezi kuendelea kupeana mgongo.

Kando ya ziwa punda si wengi, lakini mizigo ni mingi. Tuseme kuna wavuvi wawili wenye nyumba jirani. Mmoja ameukata wavu wa mwenziwe usiku kwa wivu, na jambo limejulikana. Mwenye wavu amepeleka neno kwa wazee, naye mkosaji ameamriwa kulipa, lakini bado hajalipa. Asubuhi moja wake wa wavuvi wametandaza ndagala mchangani ili zikauke. Yule mkosaji na mkewe wamekwenda mjini Kalemie sokoni. Mara wingu jeusi linatokea juu ya ziwa. Mwenye wavu na watoto wake wanakimbia kuzikusanya ndagala zao. Kando yake, hatua kumi tu, zimetandazwa ndagala za yule aliyeukata wavu. Mvua ikinyesha, zitaoza, na kazi yote ya usiku itapotea.

Hakuna atakayemlaumu mwenye wavu akiingia nyumbani na kufunga mlango. Majirani watasema: "Mungu amemlipia." Naye hakuiba kitu, wala hakumpiga mtu. Lakini Injili humngojea hasa hapo, kati ya mchanga na mlango. Akichukua vikapu, akawaita watoto wake, wakakusanya na ndagala za jirani, ametimiza neno la Mtakatifu Paulo kwa Waroma, sura ya 12, kwamba ubaya ushindwe kwa wema. Deni la wavu bado lipo, na wazee watalidai. Lakini watoto wake wameona kwa macho yao jambo ambalo mafundisho ya mwaka mzima hayawezi kuwaonyesha.

Je, jirani atageuka? Pengine atageuka, pengine hatageuka. Wahenga walisema: tenda wema, nenda zako. Mkristu hatendi wema kama mtu anayekopesha ili alipwe. Anatenda kwa sababu Baba yake wa mbinguni hunyesha mvua juu ya mashamba ya wema na ya wabaya, na yeye anataka kufanana na Baba yake. Tena akumbuke kwamba Kristu alimfia yeye alipokuwa bado mkosaji.

Ikiwa ubaya aliotendewa ni mkubwa, kama kuchomewa nyumba au kuuawa kwa ndugu, asikate tamaa akiona msamaha unachelewa kufika moyoni. Kusamehe ni kwanza tendo la hiari, siyo kusikia utamu moyoni. Anayeweza kusema tu, "Bwana, nataka kusamehe, nisaidie," amekwisha kuanza. Machozi yakiendelea, Mungu hayahesabu kuwa dhambi.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Bwana Yesu aliamuru nini juu ya adui?
Jibu: Aliamuru tuwapende, tuwatendee mema, na tuwaombee.

Swali: Sheria ya jicho kwa jicho iliwekwa kwa nini?
Jibu: Iliwekwa ili kisasi kisizidi kosa. Kristu alikiondoa kisasi chenyewe.

Swali: Isidori Bakanja aliuficha ubaya aliotendewa?
Jibu: La. Alisema ukweli wote, akataka na hakimu ajulishwe. Lakini alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni.

Swali: Mkristu aweza kudai haki yake kwa mkubwa wa kijiji au kwa hakimu?
Jibu: Aweza, kama anataka haki na siyo kumwangamiza mwenziwe.

Swali: Kumwendea mganga ili adui apatwe na ubaya ni kosa gani?
Jibu: Ni kisasi cha siri, tena ni kumwacha Mungu.

Swali: Nguvu ya kusamehe hutoka wapi?
Jibu: Hutoka kwa Mungu. Hupatikana katika sala, na baada ya Ubatizo katika Kitubio na Komunyo takatifu.

KAZI YA JUMA HILI

Kila mkatekumeni akumbuke mtu mmoja aliyemkosea. Asimtaje mbele ya wenzake. Kwa siku saba amwombee kwa jina, Baba Yetu moja na Salamu Maria moja kila jioni. Kabla ya Jumapili amtendee jambo jema moja: kumsalimu kwanza, kumsaidia kubeba maji au kuni, kumjulia hali mgonjwa wake, au kumrudishia kitu chake kilichopotea. Akishindwa mara ya kwanza, ajaribu tena.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyewaombea waliokusulibisha, utazame moyo wa mtumishi wako. Unajua jina la aliyeniumiza, na unajua jinsi ninavyoumia. Usiniache niwe kama yeye katika ubaya wake. Unipe nguvu ya kusema kweli bila chuki, na kutenda mema bila kungoja malipo. Umjalie naye kugeuka, ili siku moja tukae pamoja mezani pako. Mwenye heri Isidori Bakanja, utuombee. Amina.